Dawa ya Kuongeza Mwili

Watu wa ploti yetu kule Kawangware, vyumba vya kupanga kuzunguka ua mmoja, walianza kunipenda nilipoanza kunenepa. Kabla ya hapo, nikipita kwenda bafuni, akina mama walikuwa wakiwaita watoto wao ndani. Nilipoota mashavu wakaanza kuniita mimi. "Kuja ukae hapa, mrembo. Kwani siku hizi unakula nini?" Nikawa nakaa nao, kwa kuwa sikuwa na pengine pa kukaa, nikiwatazama mmoja mmoja na kushangaa jinsi watu wazima wenye familia wanavyoweza kuwa wajinga hivi. Kidevu cha pili kilikuwa kinachungulia chini ya kile cha kwanza, sketi zangu zote zilikuwa zimegoma kufunga, na kwao hiyo ilikuwa ndiyo afya.

Siwalaumu kwa hilo peke yake. Ilikuwa miaka ya tisini ikielekea ukingoni, na siku hizo kukonda kulikuwa ni kujitangaza kwamba una ule ugonjwa usiotajwa. Mimi nilikuwa fundi wa nguo, kwa hiyo nilikuwa nikijua habari za watu kabla ya majirani zao. Mwanamke analeta sketi nimpunguzie kiuno, anasema ni mawazo. Baada ya muda anairudisha nipunguze tena, anasema ni kazi nyingi. Mara ya tatu haleti yeye, inaletwa na dada yake, na dada haniangalii usoni. Futi yangu ya kupimia viuno ilikuwa inajua, na mimi nilikuwa nimejifunza kunyamaza. Kwa hiyo mtu akiongeza mwili, watu walikuwa wanashangilia kana kwamba ametoka mahakamani na kesi imefutwa.

Sasa niseme huo mwili ulitoka wapi.

Nilianza kuugua nikiwa nimepanga chumba Gatwekera, katikati ya mabati na matope, nikishona kwenye veranda ya mama mmoja Mnubi huko Makina. Mtu alianza kuongea ndani ya cherehani yangu. Nikikanyaga anaongea, nikisimama ananyamaza, na baadaye akawa haoni hata haja ya kunyamaza. Alikuwa mwanamume, na hakuwa na maneno mengi. "Ni wewe," alikuwa akisema. "Ni wewe umewamaliza." Sikuwajua niliowamaliza. Nilikuwa nawatazama wateja nikihesabu nani hayupo. Mwishowe nilikatakata sare za watoto wa shule kwa mkasi ili nimtoe alikojificha, na watu wakanifunga kamba.

Aliyekuja kunichukua alikuwa senje, dada ya baba yangu, mjane aliyekuwa akiuza mboga karibu na steji ya matatu ya Kawangware. Nasema hivyo ili haki yake apate, maana haki nyingine hatapata kwangu. Alinifungua zile kamba mwenyewe, akanipeleka kliniki ya akili katika hospitali ambayo sitaitaja, na kunilaza nyuma ya pazia katika chumba chake kimoja.

Kliniki walinipa sindano ya kila mwezi. Sauti ilizimika, na mimi nikazimika nayo. Shingo ilikaza, mate yakawa yananidondoka kifuani, na miguu haikukubali kutulia chini ya meza. Mikono ilikuwa ikitetemeka hata nisiweze kutunga uzi kwenye sindano. Fundi asiyeweza kutunga uzi ni nani? Watu walikuwa wakisema, "Amepoa." Adhabu ya kaburi aijuaye ni maiti. Nilikuwa naketi nje ya mlango wa senje nikisuguasugua miguu chini, na kuku ndio pekee waliokuwa hawaniogopi.

Kisha daktari akatupatia dawa mpya. Alisema ni ya kizazi kipya, si kama zile za zamani zinazokaza misuli, na kwamba watu wa kampuni walikuwa wamemwachia kidogo za kujaribishia. Alikuwa akiwagawia wagonjwa wachache walioshindwa na sindano. Tembe nyeupe, ndogo, moja kila jioni, na kila mwezi turudi tupewe nyingine. Ila alikuwa na sharti lake. Alilisema akimtazama senje, si mimi, ingawa mimi ndiye niliyekuwa nimekaa kwenye kiti cha mgonjwa.

"Mgonjwa wa akili hawekewi dawa mkononi. Jamaa ndiye anaweka, jamaa ndiye anapeana. Mama, wewe ndiye utakaa na hiyo kopo."

Senje akalipokea kopo kwa mikono miwili kama sakramenti. Nyumbani alilifungia kwenye sanduku lake la bati, pamoja na vyeti vya marehemu mumewe na vitambaa vyake vya kanisani, na ufunguo akauning'iniza shingoni.

Sitasahau siku nilipotunga uzi tena. Ilikuwa asubuhi kwenye veranda ya Makina, yule mama Mnubi amenipa cherehani "ya kujaribu tu", na uzi ukapita kwenye tundu kama maji. Nilikanyaga. Cherehani ilitoa mlio wa cherehani, basi. Hakukuwa na mtu ndani. Nikalia hadi yule mama akaniambia nisilowanishe kitambaa cha watu. Nilikuwa natoka Kawangware kwa miguu alfajiri, nashika njia ya Dagoretti Corner kisha Ngong Road hadi Makina, na jioni narudi hivyo hivyo, na njia nzima kichwani mwangu hakuna aliyenisemesha. Mtu ambaye hajawahi kusemeshwa hajui raha ya kutembea peke yake.

Bei yake ilikuwa njaa. Siyo njaa hii mnayoijua. Nilikuwa naweza kumaliza ugali wa watu watatu na kuanza kuangalia sufuria ya jirani. Baada ya kula nilikuwa nalala kama gunia. Nikiinuka ghafla nilikuwa nashika ukuta hadi dunia isimame, na mdomo ulikuwa mkavu kutwa nzima, nikiomba maji kila nilipokwenda. Ndivyo nilivyonenepa. Daktari alisema ni kawaida ya ile dawa. Mimi sikujali. Ningekuwa mkubwa kama nyumba, ilimradi ndani ya nyumba nikae peke yangu.

Lakini ploti ilitaka kujua. Akina mama walikuwa wamemwona senje akiwa na kopo, na siku moja wakamuuliza mbele yangu. Naye senje, ambaye alikuwa akisimama kanisani kila Jumapili kushukuru kwa familia yenye akili timamu, akajibu bila kupepesa, "Ni dawa ya kuongeza mwili. Ya damu. Huyu alikuwa amekosa damu, ndiyo maana alikuwa anasemasema."

Wakaitikia kwa vichwa. Mmoja akauliza inapatikana wapi. Nilitaka kucheka, lakini senje alinikanyaga kidole.

Basi hapo ndipo jambo lilipoanzia, kwenye uongo mdogo wa aibu. Senje aliurudia kwa majirani, akaurudia kanisani, akaurudia kwa wateja wake wa sukuma wiki. Mtu akirudia uongo hivyo, mwishowe anasahau ni nani aliyeutunga.

Binti yake alirudi nyumbani baada ya mvua za masika. Alikuwa akifanya kazi ya hoteli Nakuru, msichana wa umri wangu, mrembo kupita kiasi, mwenye mdomo usio na breki. Tangu utotoni alikuwa akinitania na sikuwahi kuamua kama nampenda au simpendi. Aliingia mlangoni na begi lake, akaniona nilivyojaza kiti, akapiga mluzi.

"Sasa, chizi wangu! Kwani ulikula nani?"

Nilimjibu, "Na wewe ulimwachia nani mwili wako?"

Nilikusudia utani. Kisha akavua sweta, na chini yake kulikuwa na sweta nyingine, na chini ya hiyo blauzi mbili. Senje alikuwa amesimama na mwiko mkononi. Binti mwenyewe ndiye aliyecheka, akasema baridi ya Nakuru imemzoesha vibaya.

Tulilala kitanda kimoja nyuma ya pazia, na mifupa yake ilikuwa ikinichoma. Hakuwa anakula. Senje alimpikia samaki, akampikia ndizi, akamchinjia jogoo, naye anaonja, anasukuma sahani, anasema ameshiba. Aliniomba nimpunguzie sketi zake. Nikapunguza. Akaniomba tena. Nilipunguza kwa siri nikiwa Makina, na sikumwambia mtu.

Wakati huo huo senje akabadilisha mtindo wa kunipa dawa. Zamani alikuwa akiniwekea tembe kwenye kiganja, namimina maji mdomoni, yamekwisha. Sasa akawa anaisaga na kuikoroga ndani ya uji. "Hivi itashuka vizuri, isikuchubue tumbo," alisema. Nikanywa. Kwani ningewaza nini? Mtu amenifungua kamba kwa mikono yake, nianze kumkagulia uji?

Kwanza njaa ilipungua. Nikafikiri mwili umezoea. Kisha usingizi ukawa mwepesi, nikaanza kuamka kabla ya jogoo wa jirani. Kisha mama wa Makina akanirudishia shati la sare, kola imeshonwa ndani nje, akaniuliza kama naumwa. Nikasema sijambo. Na siku ile ile, nikiwa nakanyaga, nikasikia ndani ya cherehani mtu akikohoa. Alikohoa tu, kama mzee anayesafisha koo kabla ya kuhutubia mkutano. Nikaondoa miguu kwenye pedali.

Nilimuuliza senje jioni hiyo, "Unanipa dawa yote?"

"Kwani nakupa nusu? Hebu kunywa uji."

Alisema kwa ukali mno. Fundi anajua mshono uliokazwa kupita kiasi unaficha tundu.

Tuliporudi kliniki nikasema. Nilikuwa nimejipanga njia nzima niseme kwa upole, bila kupandisha sauti, maana mtu wa aina yangu akipandisha sauti kesi imekwisha. Nikamwambia daktari dawa imepungua, naona dalili, naomba aangalie kopo. Nikasema senje anaisaga ndiyo maana sioni kiasi ninachopewa.

Daktari akaweka kalamu chini. Uso wake ukawa mpole, na upole ule ulinitisha kuliko kofi.

"Unaona senje yako anaiba dawa yako?"

"Sisemi anaiba. Nasema haifiki yote."

"Ulianza kufikiria hivyo lini? Na majirani je, nao pia wako ndani ya hii maneno?"

Senje akatoa kitambaa akafuta macho. Daktari akamtazama kwa huruma, akaniambia kwamba kuwashuku watu wa nyumbani ni sehemu ya ugonjwa, kwamba nisiaibike, na kwamba mambo yakiendelea hivi mwezi ujao atanirudisha kwenye sindano. Kisha akampa senje kopo jipya.

Nimeishi miaka mingi tangu siku hiyo na bado nikiikumbuka mikono yangu inakunja ngumi. Ukweli ukipita mdomoni mwa mwendawazimu unageuka dalili. Kama ningesema moto umeshika dari, wangeniuliza moto huo nilianza kuuona lini. Wote wawili walikuwa wakinihurumia, na mmoja wao alijua nasema kweli.

Jibu lilikuja Jumapili moja mchana. Senje alikuwa amebaki kanisani kwa mkutano wa akina mama. Binamu yangu alikuwa amelala tangu asubuhi, akaamka saa za chakula, akala ugali wote na kufuta sahani kwa kidole. Nilimtazama nikafurahi kwa ajili yake, hilo nalisema wazi. Kisha akaniletea sketi.

"Hii ilikuwa umenipunguzia. Sasa inanibana. Niachilie kidogo."

Nilimzungushia futi kiunoni. Ilikuwa kweli, alikuwa ameongezeka. Katika miaka yangu yote ya kushona siku hizo, sikuwahi kuona mtu wa namna yake akirudi nyuma kwenye futi. Nikamwambia aketi nipime urefu. Akaketi. Nikamwambia ainuke. Akainuka, akayumba, akashika ukuta, akafumba macho hadi dunia isimame. Kisha akalamba midomo na kusema, "Hebu nipe maji, mdomo umekauka kama kifuu."

Futi ilinianguka. Ule usingizi niliujua. Ile njaa niliijua, na kiu ile, na ule ukuta. Nilikuwa najitazama mimi mwenyewe wa miezi michache iliyopita.

"Mama yako anakupa dawa gani?"

"Ile ya mwili," akasema. "Kanyeupe kadogo. Ananipea asubuhi ukishaenda job. Anakata na wembe." Akaona uso wangu. "Si ni ile yako? Alisema mnashare. Si uliona venye ulifura?"

Nikamwambia ni dawa ya nini. Nilimwambia polepole, kama unavyomwambia mtu kuna nyoka mguuni pake. Akacheka kile kicheko chake.

"Basi nitakuwa chizi mnono. Afadhali."

"Na mimi je?"

Hapo hakucheka. Alinishika mkono. "Usimwambie mum unajua. Nimeanza kusikia njaa, unaelewa? Nilikuwa nimesahau kitu inaitwa njaa. Nikipita hapo nje siku hizi hakuna mtu ananyamaza. Wacha tu nipite pite kidogo hivi."

Ndani ya kichwa changu yule mzee alikuwa tayari ameshaanza hotuba. Ni wewe, ni wewe. Nilimsikia akiifunika sauti ya binamu yangu, na nikaona kwamba nikimngojea huyu apite pite, mimi sitakuwepo wa kumwona.

Senje alipofika nilikuwa mlangoni. Sikumpa nafasi ya kuvua kitambaa cha kichwa. Nilimwambia ninajua. Nilitarajia akane tena, na nilikuwa nimejiandaa kwa makano yake. Hakukana. Aliketi kwenye kigoda, akavua viatu, akaviweka sawa.

"Ilikuongeza wewe," akasema. "Niliona kwa macho yangu. Ulikuwa fito, ukawa mtu. Ningekaa nayo kwa sanduku nikiangalia mtoto wangu anaisha?"

"Si dawa ya mwili, senje. Wewe ndiye uliyebuni hayo maneno. Ile ni dawa ya kichwa changu."

"Amekula, hajakula?"

"Haimtibu."

"Na wewe imekutibu? Si ukikosa kidogo tu unarudi pale pale?" Akainua macho. "Wewe ukikosa unaongea peke yako, watu wanacheka, inaisha. Yeye akikosa anakufa. Niambie mtu aliyewahi kufa kwa kelele."

Jibu la hilo nimelitafuta tangu siku hiyo na sijalipata la kutosha. Lakini kukosa jibu si kukosa haki, na kichwa kilikuwa changu. Nikamwambia anipe kopo lote. Akasema daktari alimkabidhi yeye, si mimi, na kama sitaki niende nikamwambie daktari. Akatabasamu kidogo alipolisema. Tabasamu lile ndilo lililonimaliza.

Nilichukua mkasi wangu mkubwa wa kukatia kitambaa, nikatoka nje katikati ya ploti. Jua lilikuwa linawaka, akina mama walikuwa wanafua, watoto wanacheza na vifuniko vya chupa. Nikapaza sauti niliyokuwa nimeizuia kwa daktari.

"Majirani! Mnaijua ile dawa ya kuongeza mwili? Ni ya wazimu! Mimi ni mwendawazimu, senje ananinyima dawa yangu, na wazimu unakuja! Kaeni hapo hapo muuone!"

Nguo ziliachwa kwenye karai. Milango ilifungwa mmoja baada ya mwingine, na watoto wakavutwa ndani kwa mikono. Wale wale waliokuwa wakiniita mrembo. Nilifurahi kuwaona wakikimbia, na sijawahi kuona haya kwa furaha ile. Kwa mara ya kwanza uoga wao ulikuwa unanifanyia kazi. Senje alisimama mlangoni, shingo imesinyaa, akavua ufunguo na kurudi ndani. Alitoka na kopo, akaliweka kizingitini kama anavyowekewa mbwa chakula.

Kutoka nyuma ya dirisha moja nikasikia sauti ya kike ikiuliza, wala si kwa kunong'ona, "Kama si ya damu, basi yule msichana wake anaumwa nini?"

Binamu yangu alikuwa amesimama nyuma ya mama yake. Alisikia. Alinitazama mara moja, akarudi ndani, akavaa sweta yake ya pili.

Nilitembea hadi Makina na kopo limefungwa kwenye kanga. Yule mama Mnubi alinisikiliza akiwa amekaa kwenye mkeka wake anasuka kikapu. Hakuniuliza ulianza kufikiria hivyo lini. Aliuliza tu, "Unakunywa saa ngapi?" Akaiweka dawa kwenye kabati la kanzu za wateja, na jioni akaniwekea tembe nzima kwenye kiganja, akanitazama nikimeza, ndipo akaenda kuswali. Siku ya kliniki alifuatana nami, amejitanda mtandio wake wa Ijumaa. Daktari aliuliza jamaa ni nani.

"Mimi ni mamake mdogo," akasema.

Daktari alimtazama Mnubi, akanitazama mimi, Mluhya mwenye msalaba shingoni. "Mama mdogo kivipi?"

"Kivipi tena? Wallahi, daktari, wewe peana dawa."

Akapeana. Mimi nililala kwenye veranda ile, kisha kwenye chumba cha nyuma, na baada ya muda sauti ikapungua hadi kuwa kikohozi, kisha ikanyamaza. Uzi ukapita tena. Nikanenepa upya.

Senje alikuja Makina mara moja. Ilikuwa asubuhi, nashona sare. Sikumwona hadi kivuli chake kilipoangukia kitambaa. Alikuwa amezeeka, na alikuwa amekuja kwa miguu, viatu vyote vumbi.

"Amerudi pale pale," akasema. "Amekataa kula. Nipe hata nusu."

Niliendelea kukanyaga.

"Sikuombi yote. Nusu tu, ya kumrudishia njaa. Wewe si uko sawa sasa? Angalia ulivyo mnono."

Nilimaliza mshono, nikakata uzi, nikachukua kipande kingine. Nilimwambia kwamba daktari ananihesabia tembe, jambo ambalo lilikuwa kweli, na ambalo halikuwa sababu. Sababu ilikuwa ndani ya ile cherehani, imenyamaza. Alisimama hadi mteja alipokuja, ndipo akaondoka, na mama Mnubi akamfuata hadi barabarani na kikombe cha chai, lakini hakukipokea. Mtu akiniuliza leo nitajibu vile vile. Simwoni yeyote atakayekuja kuishi ndani ya kichwa changu kunisaidia zamu.

Binamu yangu alifariki kabla ya mwaka kwisha. Waliniletea ujumbe kwamba anahitaji gauni jeupe la kusafiri nalo hadi kwetu magharibi kuzikwa, na kwamba fundi wa familia ni mimi. Walikuwa wametuma na gauni lake la kanisani, alilovaa siku za njaa yake, nikalipunguza. Nilipunguza, nikapima kwa vipimo walivyonitumia, nikapunguza tena. Nilikuwa nikisikia kile kicheko chake, lakini hicho kilikuwa ni kumbukumbu tu, na mimi najua tofauti.

Nilifika Kawangware adhuhuri na gauni mkononi. Ploti ilikuwa imejaa, akina mama wameketi kwenye mikeka na wimbo wa kanisa ukiendelea. Waliponiona, wimbo ukalegea. Watoto hawakuitwa ndani, maana nilikuwa mnene na nimevaa vizuri. Mmoja akanisogezea nafasi kwenye mkeka. Nikaketi.

Ndipo nikasikia. "Ni wewe. Ni wewe umemmaliza."

Nilifumba macho kama nilivyofundishwa kliniki, nikasikiliza vizuri, na Mungu anisamehe, nikaomba awe ni yeye, yule mzee wa kwenye cherehani. Dawa yake ninayo. Nilingoja kikohozi, nikangoja arudie kwa sauti yake ya kiume. Kichwani mwangu kulikuwa kimya kabisa.

Nikafumbua macho. Senje alikuwa amesimama mlangoni akininyooshea kidole, na watu wote walikuwa wamemsikia.